Ng'ombe wa Mita Thelathini

Fungueni dirisha kwanza, kisha mkae wote, Jairus upande huu ninaouona vizuri, Quinter hapa miguuni pangu, na wewe Wandera kaa mlangoni na uizime hiyo simu, maana leo nitasema mara moja tu, sina tena pumzi ya kurudia kama nilivyokuwa nikirudia darasani. Nimewafundisha watoto wa darasa la kwanza tangu nikiwa msichana hadi nilipostaafu, na kazi hiyo ilinionyesha kwamba mtoto hasikii kwa kupigiwa kelele, bali kwa kuitwa jina na kutazamwa usoni. Basi nawatazama. Mimi Milcah, mjane wa Nehemiah aliyekuwa fundi wa viti hapa Kakamega, mama yenu niliyewazaa watatu, naondoka. Daktari alizungusha maneno, lakini nilimsoma kama nilivyowasoma watoto waliokuja shuleni bila kufanya kazi ya nyumbani. Usilie, Quinter. Kifo hakinisumbui. Kinachonisumbua ni kinyaa, na sitaki kuzikwa nacho.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni ya Wandera, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na kwetu nyumba ya wazazi huachiwa kitinda mimba. Shamba la miwa mtaligawa mafungu matatu sawa, na Quinter achukue fungu lake, na yeyote atakayesema kwamba binti hana shamba mwambieni kwamba aliyelilipia lile shamba kwa mshahara wa chaki alikuwa binti ya mtu. Ng'ombe mwekundu asiuzwe kabla hajazaa. Na kuhusu baba yenu mdogo Barnaba, mnajua alivyoingia karakanani kesho yake baada ya kumzika kaka yake, akabeba ile cherehani kubwa ya kushonea ngozi akisema ni ya ukoo, nami nikaapa sitakula naye tena. Kiapo hicho nimekitafuna miaka yote na hakijanishibisha hata siku moja. Mwacheni na cherehani yake. Siku ya mazishi mwiteni akae mbele, na ingokho, kuku wetu wa heshima, ikipikwa apewe firigisi, kwa sababu sasa ndiye mkubwa wenu. Mwenye kovu usidhani amepoa, ndivyo wasemavyo, lakini mimi nimepoa. Kwa Barnaba nimepoa.

Sasa karakana. Jairus, usitazame chini. Tazama hapa.

Baba yenu alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na ninyi mlikua mkiiona hata mkadhani mafundi wote hufanya hivyo. Mteja akitaka kiti cha ngozi, Nehemiah alitandika ngozi nzima juu ya meza, na shingo yake na tumbo lake na kingo zake zisizonyooka, akamwita mteja aizunguke. Alimshika kidole akakipitisha juu ya alama. Hapa kupe walimla. Hapa alipita kwenye seng'enge. Hapa alichapwa na mchungaji mwenye hasira. Kisha alimuuliza, kwa upole kama daktari, "Kovu hili tuliweke wapi, ndugu yangu? Tulifiche chini ya kiti, ama likae pale utakapoliona?" Wengine walisema lifichwe. Lakini wazee wengi walisema, liweke mkononi, nilishike. Na mteja aliyekuwa hana uwezo wa ngozi aliambiwa bila haya, "Hii ni reksini, ni plastiki juu ya kitambaa, itakutumikia miaka kadhaa ikiwa hutaianika juani, kisha itapasuka." Vinyozi waliichukua, wenye mikahawa waliichukua, na hakuna aliyerudi kulalamika, kwa sababu reksini iliyouzwa kwa jina lake haina kosa lolote. Plastiki sina ugomvi nayo, wanangu. Ubaya huanza pale mtu anapoibatiza.

Jairus, ulipochukua karakana nilifurahi. Mkono wako ni mwepesi kuliko wa baba yako, na kona ya kiti unaikunja vizuri hadi mtu haoni mshono. Watu walikusifu sana, nami nilikusifu zaidi yao, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku moja nikaja kukuletea chakula nikakuta jora limeegemea ukuta, jeusi, linang'aa kama kiatu cha askari, limezungushwa kama turubai. Ukaniambia, "Mayi, hii ndiyo ngozi ya siku hizi." Nikakuuliza mbele ya vijana wako, "Mwanangu, ng'ombe gani huyu mwenye urefu wa mita thelathini, asiye na shingo, asiye na tumbo, asiyewahi kuumwa na kupe hata mmoja?" Vijana wakacheka hadi mmoja akaangusha nyundo. Mmoja akasema, "Mwalimu, huyo ng'ombe amelalia reli ya Butere akanyooshwa!" Wewe hukucheka. Ulikata kipande ukakiwasha kiberiti ukanishikia puani. Kikanuka nywele zilizoungua. Ukasema, "Plastiki inanukanga hivi?" Nami nikakuachia chakula nikaenda zangu, kwa kuwa pua yangu ilinusa ngozi kweli.

Ilinichukua muda kuelewa, nami nitawaeleza Quinter na Wandera kama ninavyoeleza mtoto, polepole, kwa sababu uchafu huu umefichwa ndani ya ukweli kidogo. Wanakokata viatu na mikoba hubaki vipande, nyuzi na vumbi la ngozi. Hayo hukusanywa yakasagwa yakawa unga, unga ukakorogwa na gundi, uji ule ukapakwa juu ya kitambaa, ukapigwa rangi, halafu ukagandamizwa kwa chuma chenye vishimo ili ufanane na ngozi ya mnyama. Ndiyo maana ukiuchoma unanuka nywele. Lakini unga wa mahindi ukiubandika kwa gundi haurudi kuwa hindi, wala huwezi kuupanda ukaota. Hiyo si ngozi, ni makombo ya ngozi yaliyovalishwa shati la plastiki. Tena ni mbaya kuliko plastiki tupu, maana reksini hupasuka kwa mstari ukaweza kuishona, lakini hii haipasuki, hii hubambuka. Hutoka magamba. Sindano ikiipita inakatika kama karatasi ya stempu, na hakuna fundi duniani wa kuitengeneza ikishaanza. Na mwanangu aliyajua hayo yote, akawa anawachomea watu kipande kwa kiberiti, mteja baada ya mteja, akiwanusisha kweli ili wanunue uongo. Quinter, nipe kile kitambaa nifute mdomo. Nikisema jambo hili mate yanakuwa machungu.

Bado sijafika kwenye lenyewe.

Mnamfahamu Protus wa Butere, mkulima wa miwa. Baba yake alikuwa rafiki ya Nehemiah, na viti vyao vinne vya ngozi vilitoka mkononi mwa Nehemiah. Yule mzee alichagua kovu la seng'enge likae kwenye mkono wa kulia wa kiti chake kikubwa, na kila alipozungumza alilisugua kwa kidole gumba, hadi pale mahali pakawa laini na peusi kama mbegu ya mparachichi. Alipokufa, wajukuu walikuwa wakipitisha kidole palepale bila kujua kwa nini. Mwaka huu Mitchel, binti wa Protus, alipata mchumba kutoka upande wa Malava, wazee wakapanga siku ya kuja kuzungumza mahari. Mama yake Mitchel akaona mishono miwili imeachia kwenye viti, akavileta kwako, Jairus, vishonwe tu. Mishono miwili! Ungeimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Ulimwambia nini? Ulimwambia, "Mama, hii ngozi imezeeka, wakwe wakija watasema mmekwama zamani. Acha niwavalishe mpya." Mama wa watu akaamini, kwa sababu wewe ni mtoto wa Nehemiah, na jina la Nehemiah bado liko juu ya mlango. Ukaibandua ngozi ya ng'ombe iliyokaa juu ya mbao zile tangu kabla hujazaliwa, ngozi nzima iliyokuwa inahitaji mafuta kidogo na uzi, ukavivisha viti yule ng'ombe wako wa mita thelathini. Na ile ya zamani ukawauzia washona makubadhi sokoni. Kovu la yule mzee liko chini ya kisigino cha mtu sasa hivi, mahali fulani, linakanyaga matope.

Tena ukampa ushauri. Ukamwambia viti vikififia avipake mafuta yale ya kukamulia ng'ombe, ving'ae. Basi asubuhi ya siku ya wageni mama akavipaka vyote kwa mikono miwili, kwa moyo wake wote, kama anayempaka mtoto mchanga. Mafuta yakaingia chini ya ile rangi yakailegeza. Wakwe wakaja. Nyumba ya mabati, jua la saa nane, watu wameshiba obusuma, ugali wetu, na kuku, na baba ya kijana amevaa suti nyeupe ya maziwa iliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, kakaa kwenye kiti kikubwa, anatoka jasho, anasogea, anasugua. Walipoinuka ili mchungaji afunge kwa maombi, mgongo wote wa suti ile, tangu mabegani hadi magotini, ulikuwa umeota magamba meusi.

Sasa niambieni, nani angesema? Ninyi mmekulia hapa. Mama yake Mitchel hawezi kumtazama mkwe mgongoni, sembuse chini ya mgongo. Protus hawezi kunyoosha mkono ampanguse mkwe makalio mbele ya watu. Mchungaji amefumba macho. Wake zao walioona waliona aibu kuona. Heshima ikawafunga midomo wote, watu wazima ishirini na zaidi, wakamsindikiza mzee wa watu hadi barabarani akiwa amebeba kiti mgongoni, wakimpa mkono, wakimwambia karibu tena. Ni vijana wa bodaboda walioifungua siri. Mmoja alipaza sauti, "Mzee, umelalia makaa?" Mwenzake akajibu, "Hapana, huyo ni nyoka, anabadilisha ngozi!"

Yule mzee hakukasirikia vijana. Alikasirikia nyumba alimotoka, kwa sababu aliamini wote walimwona na wakamwacha atoke hivyo kusudi, ili wamcheke. Akatuma neno kwamba familia yake haiwezi kuoa mahali ambapo mgeni huvishwa takataka. Mpaka leo mazungumzo yamesimama. Yule binti, Mitchel, hali vizuri, halali vizuri, na kijana wake haruhusiwi kukanyaga Butere. Hilo ndilo lililopo mezani, wanangu. Si viti. Ni msichana aliyekaa nyumbani kwao anasubiri kwa sababu ya gundi.

Mama yake alikuja hapa mwezi uliopita. Hakupiga kelele. Alikuja na ungo uliofunikwa kwa kitambaa, akauweka hapa mapajani mwangu, akasema, "Mama Mwalimu, nimekuletea ngozi yenu." Nikafunua. Ungo mzima wa magamba, wanangu, mepesi, yameshikana kwa mafuta, yana nywele za paka na punje za ubwabwa ndani yake, na harufu kama kitu kilichokufa ndani ya kiatu. Alikuwa ameyafagia kwa siku nyingi kwa sababu hakutaka kuyatupa kabla sijayaona. Kisha akauliza swali moja tu. "Kovu la baba mkwe liko wapi?" Jairus, nimesimamishwa mbele ya wakaguzi wa shule, mbele ya wazazi walevi, mbele ya walimu wakuu wakali, na sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo.

Alipoondoka nikajisaidia kusogea kwenye kiti changu, hiki kilichoko nyuma yenu, ulichonivalisha upya wakati wa Krismasi ukasema ni zawadi ya mwana kwa mama, ngozi tupu, halisi. Mjukuu wangu mdogo, Ashley, alikuwa nyuma yangu akinikuna mgongo, akasema, "Kukhu, unabambuka!" Akanionyesha kidole chake. Kipande cheusi. Kingine alikuwa ameshatia mdomoni anakitafuna. Nilikitoa mdomoni mwake kwa kidole changu, na nikaelewa kwamba mwanangu hakuchagua wa kumdanganya. Aliyepita alidanganywa, hata aliyemzaa. Wandera, kitoe kiti hicho nje. Kitoe sasa hivi, usingoje nimalize. Kiweke mvuani.

Haya. Sasa hewa ni nzuri kidogo.

Najua utakachosema, Jairus, umekisema mara nyingi. Kwamba maisha yamepanda, kwamba watu wanataka kung'aa na hawana uwezo wa ngozi, kwamba kila fundi wa barabara hii anafanya hivyo. Sawa. Wauzie wanaotaka kung'aa kitu cha kung'aa, na uwaambie kitang'aa hadi lini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wewe umekuwa ukikitembeza kibaya kwa miguu ya marehemu baba yako. Ngozi huvutwa ingali mbichi, walisema wazee, na wewe umeshakauka, una ndevu na watoto. Lakini nimefundisha hata wazee kusoma jioni kanisani, na walisoma. Sijakukatia tamaa. Nimechukizwa tu. Mama anaweza kuchukizwa na nguo chafu bila kumchukia mtoto aliyeivaa.

Basi sikilizeni ninavyogawa. Karakana, vifaa vyote na mlango wake namwachia Quinter aushike. Jina la Nehemiah lishushwe leo juu ya mlango ule. Jairus utaendelea kufanya kazi pale, ukimwambia kila mteja jina la kila kitu, na mwenye kovu aulizwe kovu lake likae wapi. Lakini kabla ya yote utakwenda Butere, mchana, watu wakiona. Utaibandua ile takataka uani kwa Protus kwa mikono yako mwenyewe, hadi ukutane na mbao, na chini yake utatoa sponji lililooza uliloliacha humo, ndiyo, Mama Mitchel aliniambia, hukulibadilisha hata hilo. Utavivisha viti ngozi ikiwa utaipata, na ikiwa hutaipata utavivisha kitambaa kigumu cha kawaida, uwaambie ni kitambaa. Kisha utakwenda Malava. Utasimama mbele ya yule mzee uliyemvalisha magamba, na utamwambia kwamba watu wa Butere hawakumcheka, kwamba heshima ndiyo iliyowafunga, na kwamba mchafu wa siku ile ni wewe. Usitume mtu. Usipige simu. Nenda na miguu yako. Mwite Barnaba akusindikize, kwa kuwa mwanamume haendi kuomba radhi kwa wakwe wa watu bila mkubwa wake.

Hadi hapo hutatia udongo kwenye kaburi langu. Nasema hivyo mbele ya ndugu zako. Wewe ndiye mzaliwa wa kwanza, udongo wa kwanza ni wako, na watu wote watakungoja. Wasiponiona nimefunikwa watauliza kwa nini, nao wataambiwa. Na siku hiyo msiwakalishe waombolezaji kwenye sofa. Mabenchi ya kanisa yanatosha. Watu wakae juu ya mti, wainuke wakiwa safi.

Quinter, niinue kidogo. Hapo. Nimechoka sasa... maneno yanakuja yakienda. Wandera, umerudi? Umelowa. Vizuri. Kaka yako usimcheke, hata siku moja. Msaidie kubeba zile mbao.

Jairus. Njoo. Piga magoti nikuone. Sasa uniambie, kile ulichotuvalisha sote kinaitwaje? Usinipe jina la dukani. Jina lake.

...Sauti, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia.

Tena.

Naam. Makombo. Makombo na gundi. Umesema vizuri. Uliponijibu vizuri ukiwa mdogo nilikuwekea alama ya vyema kwenye mkono... sina kalamu leo. Nipeni maji. Tone tu. Mdomo umekauka, na baraka ya kwetu hutemwa kwa maji, haitoki kwenye mdomo mkavu. Leteni vichwa. Wote. Quinter, na wewe... karibu zaidi, sifiki.

Phuu. Maji haya yawapoze. Mikono yenu ishike kilicho kweli. Phuu. Wageni wenu waondoke wakiwa na furaha. Mzae, mlale, mwamke. Msigombane juu ya... juu ya mbao. Mungu wa baba yenu awa... awaangalie mkiwa nje na mkiwa ndani.

Mbona bado umepiga magoti, Jairus? Usingoje nife ndipo uende. Nikifa kabla hujarudi nitakungoja. Nina subira, nimefundisha darasa la kwanza... Mvua imepungua. Butere si mbali.

Inuka. Nenda.